Kustaafu Uganda, Nyumbani kwa Mwenzi Wako: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Hati ya Ukaazi

Wanaohamia Uganda kumfuata mke au mume hukwama mahali palepale. Wanavuka Busia au Mutukula, wanagongewa muhuri wa mgeni, wanajenga nyumba, wanafuga kuku. Muhuri ukikaribia kuisha wanatoka mpakani asubuhi na kurudi jioni. Wengine huishi hivyo miaka na miaka, mpaka siku afisa anapouliza, "Mzee, wewe unakaa hapa kwa hati gani?" Hapo ndipo watu huanza kutafuta namba za simu.

Mwongozo huu unamlenga Mkenya, Mtanzania, Mkongo au mtu wa kwingine aliyeoa au kuolewa na raia wa Uganda, ambaye kazi ameiacha na anataka kuzeeka ukweni bila wasiwasi. Msimamo wangu nautoa mapema: usichague hati kwa sababu ni rahisi kuipata leo. Uliza kwanza itakuwaje siku mwenzi wako akitangulia. Hati nyingi za ndoa humtegemea yeye, na wastaafu si vijana.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti yako yenye muda wa kutosha na kurasa tupu. Kitambulisho cha taifa pekee hakitoshi kwa kazi hii.
- Kitambulisho cha taifa cha mwenzi wako chenye namba yake ya utambulisho, kutoka NIRA, mamlaka ya Uganda ya vitambulisho na usajili wa watu.
- Cheti cha ndoa kilichosajiliwa na serikali. Cheti cha kanisa au barua ya msikiti peke yake ni nusu ya safari.
- Cheti cha tabia njema cha polisi wa nchi unayotoka.
- Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la ngazi ya chini kabisa, la kijiji au mtaa mtakaoishi.
- Barua ya mfuko wako wa pensheni na taarifa za benki za miezi ya karibuni.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano.
- Picha za pasipoti, na nakala safi za kila karatasi, zilizopigwa skani na kuhifadhiwa kwenye simu na kwa mtoto mmoja mnayemwamini.

Karatasi isiyo ya Kiingereza, kwa mfano cheti cha ndoa cha Kifaransa kutoka Bukavu au Bujumbura, itafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa kabla hujafika dirishani. Ya kutoka nje ya nchi ipitishe kwanza wizara ya mambo ya nje ya huko ilikotolewa, ithibitishwe. Ni rahisi kufanya hivyo ukiwa bado nyumbani kuliko kumtuma mpwa wako baadaye.

## Hatua ya 1: Makaratasi ya mwenzi wako kwanza

Hili huwashangaza wengi. Mgeni ni wewe, lakini faili linaanza na yeye. Ukaazi wako umesimama juu ya uraia wake, na asipoonekana kwenye daftari la NIRA, huna pa kuegemea.

Mama aliyeolewa Kisumu au Mwanza miaka ya themanini mara nyingi hana kitambulisho cha Uganda. Uandikishaji mkubwa wa vitambulisho ulianza mwaka 2014, yeye akiwa ugenini. Kuna na waliojiandikisha wakati ule ambao kadi zao za miaka kumi zimeshaisha muda. Mwenzi wako afike ofisi ya NIRA ya wilaya yake ya asili mapema, akiwa na mtu wa ukoo anayeweza kueleza wazazi wake ni nani na wanatoka kijiji gani. Uandikishaji wa watu wazima waliokaa nje una maswali mengi, na jamaa wa kijijini ndiye anayeyajibu vizuri.

Kuna jambo zito zaidi. Kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2009, raia wa Uganda aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake alipoteza ule wa kuzaliwa. Kama mwenzi wako alichukua uraia wa Uingereza au Kenya zamani, huenda kisheria naye ni mgeni, hata kama kaburi la babu yake lipo Mbale. Aombe kurudishiwa uraia wake kwanza. Usiombe kitu kwa jina la mtu ambaye mwenyewe hana hadhi.

Utajua umefaulu: mwenzi wako ana kadi halali mkononi, na majina yake yanafanana herufi kwa herufi na yaliyo kwenye cheti cha ndoa.

## Hatua ya 2: Ndoa iwe kwenye daftari la serikali

Maombi mengi huzama hapa.

Uganda inatambua ndoa za aina kadhaa: ya serikali, ya kanisa, ya Kiislamu, ya Kihindu na ya kimila. Isichokitambua ni kuishi pamoja. Hata mkikaa miaka thelathini na wajukuu wakajaa uani, hiyo njoo-tukae haikupi haki ya ukaazi.

Kama mlifunga ndoa ya kimila. Kwanjula, sherehe ya kujitambulisha ukweni, ikiisha, mbuzi wakipokewa na wazee wakishiba, bado kuna kazi. Sheria inataka ndoa ya kimila isajiliwe kwenye kaunti ndogo au kwa karani wa mji ndani ya miezi sita baada ya sherehe. Wengi hawakufanya hivyo. Nenda na mashahidi waliokuwepo, picha, na barua ya wazee wa ukoo. Ulizia usajili uliochelewa. Mashahidi hao nao wanazeeka, kwa hiyo jambo hili lifanye mwaka huu.

Kama mlifunga kanisani Uganda. Kanisa linatakiwa liwe na leseni ya kufungisha ndoa na lipeleke taarifa za kila ndoa URSB, ofisi ya usajili. Makanisa mengine hayapeleki. Unakuwa na cheti kizuri ukutani huku daftari la serikali halikujui. Nenda URSB Kampala, omba wakague kumbukumbu zao. Wasipoiona ndoa yenu, rudi kwa mchungaji au paroko na uombe wapeleke taarifa. Ni aibu kidogo kumdai mchungaji karatasi, mdai tu.

Kama mlifunga nje ya Uganda. Cheti cha Msajili wa Ndoa wa Kenya au cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, ni halali, lakini kithibitishwe kama nilivyosema juu. Kenya, tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa za kimila na za Kiislamu pia husajiliwa, basi usije na barua ya chifu ukadhani imetosha.

Onyo kuhusu majina. Pasipoti inasema "Yusuf Wanjala", cheti cha ndoa kinasema "Joseph Wanjala", pensheni inasema "J. W. Barasa". Afisa hana njia ya kujua kwamba huyo ni mtu mmoja aliyesilimu. Tengeneza kiapo cha maandishi mbele ya kamishna wa viapo, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kabla ya kuomba chochote. Tarehe za kuzaliwa zinazotofautiana nazo huchelewesha faili vilevile.

Onyo la pili. Kama una ndoa nyingine ya serikali au ya kanisa iliyo hai huko nyumbani, usifunge tena Uganda ukitumaini hakuna atakayejua. Hilo ni kosa la jinai, na litakapofichuka utapoteza ukaazi na heshima kwa siku moja.

Utajua umefaulu: URSB inaweza kuiona ndoa yenu kwenye kumbukumbu zake, au cheti cha nje kina mihuri yote.

## Hatua ya 3: Ingia kwa pasipoti na useme ukweli

Tangu 2014 Mkenya na Mnyarwanda wanaweza kuvuka kuingia Uganda kwa kitambulisho. Kwa harusi au matanga inafaa. Kwa mtu anayehamia ni kujichelewesha, maana utahitaji kuonyesha tarehe uliyoingia, na kikaratasi cha mpakani hupotea upesi. Ingia kwa pasipoti hata kama hujaombwa.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mujibu wa Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010, hupewa nafasi ya kukaa hadi miezi sita. Wa nje ya Jumuiya, isipokuwa nchi zilizosamehewa, huomba viza mtandaoni kwanza. Wasichukue viza ya utalii ya Afrika Mashariki ya siku 90. Ile ni ya kutembea Kenya, Uganda na Rwanda, haikujengwa kwa mtu anayehamia.

Angalia siku alizoandika afisa kabla hujaondoka dirishani. Miezi sita ni kikomo cha juu, na afisa anaweza kuandika pungufu. Ukipitiliza, faini huhesabiwa kwa kila siku, na kumbukumbu hiyo itakusubiri kwenye faili la ukaazi.

## Hatua ya 4: Chagua hati

Hapa sikimbii.

Ukitazama vibali vya kuingia vya Uganda utaona madaraja kuanzia A hadi G: watumishi wa serikali na wanadiplomasia, wakulima, wachimba madini, wafanyabiashara, wenye viwanda, wataalamu, waajiriwa na wamishonari. Daraja la mstaafu hutalikuta. Kenya ina kibali cha mtu mwenye kipato cha uhakika asiyefanya kazi. Usitafute ndugu yake Kampala. Kwa hiyo njia zako ziko hivi.

Muhuri wa mgeni. Ni bure kwa watu wa Jumuiya na hauna maswali. Ni wa kukupa nafasi ya kukusanya karatasi, basi. Kuutumia kama ukaazi ni kumwachia afisa wa zamu aamue kila mara kama una nyumba au huna.

Haki ya ukaazi ya Soko la Pamoja. Wakenya na Watanzania wengi huitegemea bila kuisoma. Itifaki hiyo inatoa haki ya kukaa kwa mfanyakazi na kwa aliyejiajiri au kufungua biashara, pamoja na mwenzi na watoto wao. Mstaafu anayekula pensheni kibarazani hamo. Ukianzisha biashara ya kweli, hilo ni jambo jingine, lakini usisajili kampuni ya karatasi tu ili upate kibali. Itadai kodi, ripoti na maelezo kila mwaka, na wewe ulikuja kupumzika.

Pasi ya mtegemezi. Unaipata kwa mgongo wa mwenzi wako. Kwa wengi ndiyo ngazi ya kwanza, na kwa mtu aliyefika juzi inafaa. Lakini ielewe: hairuhusu kazi ya mshahara, ina muda wake, na imefungwa kwa mtu mmoja. Akifariki au mkiachana, msingi wake umeondoka. Mjane wa miaka sabini na miwili hapaswi kuambiwa habari hizo wiki ya arobaini.

Cheti cha ukaazi. Hapa ndipo ninapokuelekeza. Hutolewa kwa wageni waliokaa Uganda muda mrefu kihalali, na pia kwa msingi wa ndoa na raia. Hudumu muda mrefu kuliko pasi, na hukuweka nchini kwa jina lako. Wanaangalia zaidi uhai wa ndoa, rekodi ya polisi na ukaaji wako wa nyuma. Ndiyo maana nimesisitiza mihuri safi katika hatua ya 3: kila siku uliyokaa kihalali ni ushahidi wako.

Kibali cha kilimo au biashara. Kinamfaa mstaafu ambaye hakustaafu kweli, yule anayetaka ekari za kahawa Masaka au ng'ombe wa maziwa Mbarara na ana mtaji wa kuonyesha. Kama shamba lenu ni la kula na kuuza ziada, usijitwike.

Ningepanga hivi: muhuri wa mgeni kwa miezi ya kukusanya karatasi, pasi ya mtegemezi mara ndoa ikithibitika, kisha cheti cha ukaazi mara tu unapotimiza masharti. Kama umeoana na mwenzi wako miaka mingi tayari, uliza ofisini kama unaweza kuruka ngazi ya kati. Usikubali jibu la wakala wa barabarani. Yeye hulipwa kwa kila fomu anayojaza, na anapenda ngazi nyingi.

## Hatua ya 5: Tuma maombi

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya uhamiaji, visas.immigration.go.ug. Ofisi kuu iko Jinja Road, Kampala.

1. Fungua akaunti kwa barua pepe yako mwenyewe. Ukitumia ya wakala, majibu yatakwenda kwake na utayanunua.
2. Chagua aina ya hati na ujaze kwa majina ya pasipoti, herufi kwa herufi.
3. Andika barua ya maombi, ukurasa mmoja. Sema wewe ni nani, umeoana na nani tangu lini, mtaishi wapi, unaishi kwa pensheni gani. Mwenzi wako aandike yake kando ya kukuombea na aitie saini.
4. Pakia nyaraka zinazosomeka. Picha ya simu iliyopigwa kitandani huku kivuli cha mkono kikionekana hurudishwa.
5. Lipa kwa namba ya malipo unayopewa na mfumo, benki au kwa simu. Hakuna ada halali inayoishia mfukoni mwa mtu.
6. Ukiitwa kwa alama za vidole na mahojiano, nendeni wote wawili na nyaraka asilia.

Kwenye mahojiano wanataka kujua kama ndoa ni ya kweli. Mtaulizwa majina ya watoto, mlikutana wapi, baba mkwe alikuwa nani. Wazee waliokaa pamoja miaka arobaini hawana shida hapo, ila waache kubishana mbele ya afisa ni mwaka gani walihamia Eldoret.

Kama muhuri wako unaelekea kuisha kabla jibu halijatoka, omba nyongeza au pasi maalumu siku zikiwa bado zipo. Stakabadhi ya maombi peke yake isikufanye ulale.

Utajua umefaulu: hati ina jina lako sahihi, tarehe ya mwisho na aina uliyoomba. Isome ukiwa bado ofisini. Kisha uliza NIRA kuhusu namba ya utambulisho ya mgeni mkaazi, kwa sababu benki na kampuni za simu zitakuuliza.

## Hatua ya 6: Pensheni, kodi na matibabu

Acha akaunti ya pensheni nyumbani ikiwa hai. KCB na Equity zina matawi pande zote mbili za mpaka, jambo linalopunguza kero. Jua pia mfuko wako unathibitisha vipi kwamba ungali hai. PSSSF ya Tanzania ina uhakiki wa wastaafu, na asiyehakikiwa husimamishiwa malipo. Mstaafu wa Uingereza ajue kwamba pensheni ya serikali ya huko haipandishwi kila mwaka kwa anayeishi Uganda.

Ukikaa Uganda siku 183 au zaidi ndani ya miezi 12, sheria inakuhesabu mkaazi wa kodi, na mapato yako ya nje yanahusika. Pensheni yenyewe imo kwenye orodha ya mapato yasiyotozwa. Nyumba yako ya kupangisha Nakuru haimo. Chukua namba ya mlipakodi URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na uongee na mhasibu mara moja, si kila mwaka.

Gari: mnaohama na gari lenu, sheria ya forodha ya Jumuiya inampa anayehamisha makazi msamaha wa ushuru kwa gari moja alilomiliki na kulitumia kwa angalau miezi 12 huko atokako. Lakini gari lililofikisha miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa haliingii. Pima hilo kabla ya kulipaka rangi.

Matibabu ndiyo yanayomaliza akiba. Uganda haina bima ya afya ya taifa inayofanya kazi, na bima ulizozoea, SHA ya Kenya au NHIF ya Tanzania, zimejengwa kwa hospitali za nyumbani. Kampuni za bima binafsi huweka kikomo cha umri kwa mteja mpya, kwa hiyo jiunge kabla hujakifikia. Mwenye presha au sukari achague makazi kwa kupima umbali wa hospitali yenye daktari bingwa: Nsambya, Rubaga na Mengo kwa Kampala, Lacor kwa Gulu. Kijiji kizuri kisicho na barabara wakati wa mvua ni kizuri mpaka saa nane usiku.

## Hatua ya 7: Ardhi, kabla hamjamwaga zege

Katiba ya Uganda inasema ardhi ni ya raia. Mgeni anaweza kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na mkataba wa miaka mitano au zaidi lazima usajiliwe. Mailo (milki ya kudumu ya ardhi, hasa Buganda), milki huru na ardhi ya kimila si zako, hata kama kiinua mgongo chako chote ndicho kilichonunua.

Wengi huandika shamba kwa jina la mke au, mbaya zaidi, la shemeji. La mke linaeleweka. La shemeji liache. Kwa kibanja cha Buganda, yaani kipande unachokalia juu ya ardhi ya mailo ya mtu mwingine, hakikisha mwenye mailo anajua na kukubali mauzo, na busuulu, kodi ya ardhi ya kila mwaka, ilipwe kwa risiti.

Sheria inakulinda kidogo. Ardhi ambayo familia inaishi na kujipatia riziki haiwezi kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume na mke wote wawili. Tunza ushahidi wa mchango wako: hundi, risiti za saruji, mikataba na fundi.

Andikeni wosia, kila mmoja wake, kwa wakili. Asipoacha wosia, marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022 yanampa mwenzi aliyebaki asilimia 20, watoto 75, jamaa wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1, nyumba ya familia ikihifadhiwa kando kwa mjane na watoto. Lakini ukoo ukifika matangani, hatakuwepo wa kusoma asilimia. Wosia wenye mashahidi, ulioachwa kwa wakili, husomeka kwa sauti kubwa zaidi.

## Hatua ya 8: Uraia, kama nchi yako inaruhusu

Ibara ya 12 ya Katiba inamruhusu aliyeoana na raia kuomba kusajiliwa, ndoa ikiwa halali, ingali hai na imedumu miaka mitatu au muda mwingine uliowekwa na Bunge. Soma muda unaotumika kwenye fomu ya siku utakayoomba.

Mkenya wa kuzaliwa hapotezi chochote. Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa pili. Mnyarwanda na Mrundi vivyo hivyo. Mtanzania mtu mzima akiapa Uganda, wa Tanzania umekwenda, na pengine shamba la Kagera likamletea maswali. Sheria ya Kongo nayo haikubali uraia wa pamoja. Kwa hao wawili, cheti cha ukaazi ndicho kikomo kizuri cha safari.

Uganda yenyewe inaruhusu uraia wa nchi mbili na si zaidi. Mwenye pasipoti mbili tayari atalazimika kuachia moja. Aliyesajiliwa hupokea cheti cha uraia baada ya kiapo, halafu huenda NIRA kuandikishwa kama raia. Kadi ya mkaazi mgeni huirudisha.